Umati ni Shahidi wa Nini?

Dumila ni mji wa njia panda. Basi litokalo Morogoro kwenda Dodoma hupunguza mwendo hapa, penye mchepuko wa kwenda Kilosa. Jirani, pale Magole, ndipo inapoanzia barabara ya Turiani. Mchana ni wa nyanya, vitunguu na magunia ya mahindi. Usiku ukiingia, bodaboda zikishaegeshwa, vijana hujazana kwenye kibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni iliyotundikwa juu, joto la miili, kiingilio mlangoni. Siku ya mechi ni mechi. Siku nyingine ni picha, na picha lisilochuja kirahisi ni picha la Kihindi, lile ambalo steringi hupigana, hulia, na katikati ya yote huimba.

Picha likiisha, ubishi huanza. Aliyelipenda ana silaha moja iliyo tayari, nayo ni hesabu: watu wangapi wamelipa, ukumbi umejaa mara ngapi, limeingiza fedha kiasi gani duniani. Methali ziko upande wake. Wengi wape. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Asiyelipenda humjibu kwamba watu wengi hupenda vitu vibovu, na kwamba waliosomea kazi hiyo wamelikosoa. Wanaweza kukesha hivyo, maana mmoja anazungumzia wingi na mwenzake anazungumzia ubora, na kila mmoja anaamini amemjibu mwingine. Lakini chini ya ubishi huo kuna swali lililowahangaisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mapenzi ya watu wengi ni ushahidi wa nini hasa?

Mfano mzuri wa kuanzia ni *Sholay*. Filamu hiyo ya Ramesh Sippy ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, na ndani yake mna farasi, bunduki, urafiki wa wezi wawili, jambazi Gabbar Singh, na nyimbo alizozitunga R. D. Burman. Wahakiki waliipokea vibaya. Wiki mbili za mwanzo ilionekana ni hasara tupu, hata walioitengeneza wakafikiria kupiga upya sehemu ya mwisho ili Jai, anayechezwa na Amitabh Bachchan, asife. Kila aliyekulia kibandani anaielewa hofu hiyo: steringi hafi. Hawakuibadilisha. Watazamaji wakaambizana, wakarudi, wakarudi tena, wakayashika maneno ya wahusika kwa moyo mpaka kampuni ya Polydor ikatoa sahani za santuri zenye mazungumzo ya filamu yenyewe. Katika ukumbi wa Minerva mjini Bombay ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano. Jopo la tuzo za Filmfare liliipa tuzo moja tu, ya uhariri. Mwaka 2005 Filmfare haohao waliitangaza kuwa filamu bora ya miaka 50.

Shabiki atasema kesi imekwisha. Bado. Jambo la kutazama katika habari hiyo ni namna watu walivyorudi. Kuja mara ya kwanza kunaweza kuletwa na tangazo, na bango, na sura ya mwigizaji, na marafiki. Kurudi mara ya tano, ukiwa unajua kila neno litakalosemwa, hakuletwi na tangazo. Mtu amekikuta kitu mle ndani. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliandika mwaka 1757 kwamba kipimo cha kazi ya sanaa ni kudumu kwake: Homer aliyewapendeza watu wa Athens na Roma bado alikuwa akiwapendeza watu wa Paris na London baada ya miaka elfu mbili, ilhali wengi waliosifiwa kwa kelele katika zama zao walikuwa wamesahaulika. Umati wa usiku mmoja ni kitu kimoja. Umati unaorudi kizazi baada ya kizazi ni kitu kingine.

Na umati huo si mjinga kama unavyodhaniwa na wanaouangalia kutoka mbali. Mwanahistoria Laura Fair, aliyechapisha mwaka 2018 kitabu kikubwa kuhusu kumbi za sinema za mijini Tanzania, ameonyesha jinsi watazamaji wa Zanzibar walivyoipokea *Awaara* ya Raj Kapoor, filamu ya mwaka 1951. Walitoka ukumbini wakijadili mapenzi na ndoa: kama kijana anaweza kumchagua mwenzi wake, wazazi wana haki gani, na kama mtoto wa mhalifu ni lazima naye awe mhalifu. Huo ulikuwa uhakiki kamili, ila haukuandikwa gazetini. Kisha vikaja vibanda vya video, na Dar es Salaam ikawapata watu kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akifafanua, akionya, akimsema mhusika anayefanya upuuzi. Watazamaji walilipa ili wamsikie na yeye. Anayesema kwamba watu wa kawaida hawataki kuelezwa filamu hajawahi kuingia kibandani.

Bongo nayo ina kesi yake. Mwaka 2003 George Tyson, mwongozaji mzaliwa wa Kenya, alitoa *Girlfriend*, filamu iliyojengwa kwa wasanii wa Bongo Fleva, TID akiwa mbele. Ni enzi ambazo wazee wengi waliuita muziki huo wa kihuni, na filamu za nyumbani zilikuwa zikichekwa kwa sauti mbovu na taa hafifu. Vijana waliipenda hata hivyo, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliowaona kwenye skrini waliongea kama wao na kuimba nyimbo zao. Tyson alifariki kwa ajali ya gari Mei 2014 pale Gairo, mbele ya Dumila kwenye barabara hiyohiyo ya Dodoma. Miaka miwili kabla yake alikuwa amefariki Steven Kanumba, na maelfu kwa maelfu walijitokeza Dar es Salaam kumzika mtu ambaye filamu zake wasomi wengi walizibeza. Mhakiki ana haki ya kusema filamu hizo zina kasoro, na kasoro zilikuwepo. Asiyejiuliza maelfu hao walikuwa wanaomboleza nini ameacha sehemu ya kazi yake.

Plato hangekubali. Katika *Sheria*, kitabu cha uzee wake, anasema mwamuzi wa mashindano ya sanaa anapaswa kuketi mbele ya watazamaji kama mwalimu wao, wala asitetemeshwe na makelele. Anailaumu desturi ya Sisilia na Italia ya siku zake, ambako mshindi alipatikana kwa watu kunyoosha mikono. Kwa maoni yake desturi hiyo iliwaharibu watunzi, wakawa wanaandika kwa kufuata ladha ya waamuzi wao, na ikawaharibu watazamaji pia, kwa kuwa walipaswa kuinuliwa na badala yake walibembelezwa. Anayetazama jinsi kampuni kubwa za filamu zinavyorudia leo kile kilichouza jana ataona kwamba hofu yake haikuwa ya bure.

Zaidi ya miaka elfu mbili na mia mbili baadaye Leo Tolstoy alisimama upande wa pili kabisa. Katika andiko lake kuhusu maana ya sanaa, lililotoka mwishoni mwa karne ya 19, alidai kwamba sanaa inayoeleweka na matajiri wachache tu ni sanaa iliyopotoka. Aliikataa Simfoni ya Tisa ya Beethoven na akazikataa hata riwaya zake mwenyewe zilizomjengea jina. Kazi ya sanaa, alisema, ni kumwambukiza mtu mwingine hisia, na wimbo wa wakulima wanawake unaofanya hivyo unaishinda sonata ya mabwana. Lakini Tolstoy aliweka kipimo cha pili ambacho mashabiki wake husahau kukitaja: hisia inayoambukizwa ni hisia gani? Kuambukiza kwa nguvu hakutoshi.

Dini zilizoenea Dumila na maeneo yanayoizunguka zina tahadhari hiyohiyo. Kurani, katika sura ya Al-An'am, aya ya 116, inamwonya Mtume kwamba akiwatii wengi waliomo duniani watampoteza. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinakataza kuufuata mkutano katika kutenda uovu. Wakristo wanajua pia umati uliopewa nafasi ya kuchagua na ukamchagua Baraba. Hata ule msemo wa Kilatini kwamba sauti ya watu ni sauti ya Mungu, Alcuin alipouandika kwa mfalme Charlemagne mwishoni mwa karne ya 8, alikuwa akimwambia asiwasikilize wanaousema.

Hata hivyo dini hizohizo hazimalizii hapo. Ipo hadithi ya Mtume kwamba umma wake hautakusanyika juu ya upotofu, na katika hadithi hiyo wanazuoni walipata nguzo ya ijmaa, yaani makubaliano. Upo pia waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1964, *Lumen Gentium*, unaofundisha katika aya yake ya 12 kwamba waamini wote kwa ujumla wao hawawezi kukosea katika imani. Mji wa Morogoro una Chuo Kikuu cha Waislamu na una Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan cha Wakatoliki, na mwanafunzi wa upande wowote angeweza kumweleza mwenzake kwamba wingi unaoaminiwa hapa si wa kuhesabu vichwa vya Jumamosi moja. Ni umma mzima, pamoja na waliotangulia na wanaosoma kwa niaba ya wengine, na juu ya jambo ambalo umma huo unalijua kwa kuliishi.

Kuna mahali pengine ambako Watanzania wamelitatua swali hili kwa namna ya wazi zaidi, nako ni mahakamani. Sheria ya Ushahidi inasema, kwa maana yake, kwamba hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayohitajika kuthibitisha jambo. Shahidi mmoja anayeaminika anaweza kuwashinda kumi wasioaminika. Sheria hiyohiyo inataka ushahidi wa mdomo utolewe na aliyeona mwenyewe kama ni jambo la kuonwa, na aliyesikia mwenyewe kama ni jambo la kusikiwa. Kadhi naye huuliza juu ya uadilifu wa shahidi, na hatosheki na kujua mashahidi wako wangapi.

Ubishi wa kibandani ukiwekwa mbele ya kanuni hiyo unabadilika sura. Shabiki aliyelia, aliyetiwa moyo, aliyeimba wimbo huo akiwa shambani wiki nzima, ni shahidi wa kuona na kusikia. Hakuna mhakiki awezaye kumwambia hakulia. Filamu imefanya jambo ndani yake, na jambo hilo ni sehemu ya filamu sawa na picha na sauti zake. Lakini ushahidi wake unaishia hapo. Hawezi kuwa shahidi kwamba filamu imesema kweli juu ya watu ambao hakuwajua. Hapo ndipo anapohitajika mtu mwingine.

Filamu ya Marekani *The Greatest Showman* inalionyesha jambo hili kwa uchungu. Ilitoka Desemba 2017, Hugh Jackman akiigiza P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho wa karne ya 19. Mwishoni mwa juma la kwanza nchini Marekani iliingiza dola milioni 8.8 tu, na wahakiki wengi waliiponda kwa utamu wake uliozidi na kwa kumsafisha Barnum. Watu wakaambizana, kama Bombay mwaka 1975. Ilimaliza ikiwa imeingiza zaidi ya dola milioni 430 duniani, na albamu ya nyimbo zake ikakaa kileleni Uingereza kwa zaidi ya wiki 20. Katika wimbo wake mkuu, ulioshinda tuzo ya Golden Globe, mwanamke mwenye ndevu na wenzake wanaotazamwa kama viroja wanakataa kuendelea kufichwa. Watu wengi waliowahi kuchekwa kwa miili yao walisema wimbo huo uliwainua, na hakuna sababu ya kutowaamini.

Barnum wa kweli alianza biashara hiyo mwaka 1835 kwa kununua haki ya kumwonyesha Joice Heth, mwanamke mzee mweusi aliyekuwa mtumwa, kipofu, na karibu amepooza. Aliwaambia watu kwamba bibi huyo ana miaka 161 na kwamba alikuwa yaya wa George Washington. Umati ulikuja na kulipa. Heth alipofariki Februari 1836, Barnum alipanga mwili wake upasuliwe hadharani mjini New York. Watu wapatao 1,500 walilipa senti 50 kila mmoja kuingia. Daktari aliyempasua alisema umri wake haukuzidi miaka 80.

Ule nao ulikuwa ukumbi uliojaa. Nayo yalikuwa mapato ya tiketi.

Joice Heth hayumo kabisa katika filamu ya 2017. Shabiki aliyelia ukumbini hakuwa na namna ya kumkosa, maana hakujua kwamba aliwahi kuwepo. Aliyemjua alikuwa mhakiki aliyesoma historia, naye akawasumbua watu kwa kumtaja. Kosa la wahakiki wengine lilikuwa kudhani kwamba wakishamtaja Heth wamethibitisha pia kuwa machozi ya watazamaji ni ya bandia. Kosa la mashabiki lilikuwa kujibu jina lake kwa dola milioni 430, kana kwamba fedha inaweza kutoa ushahidi wa mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema. Haki ya mhakiki ya kusikilizwa haitoki kwenye shahada yake. Inatoka pale anaposimama kwa niaba ya asiyekuwepo ukumbini, na pale asipofanya hivyo, ni mtazamaji mmoja tu kati ya wengi, na kura yake ni moja.

Kwa Mtanzania jambo hili haliko mbali. Katika kundi la Barnum ndani ya filamu hiyo wamo pacha wenye ualbino. Nchini Tanzania, tangu katikati ya miaka ya 2000, dunia ilisikia habari za watu wenye ualbino kuwindwa, kukatwa viungo na kuuawa kwa imani za kishirikina na kwa fedha. Miili ya watu ilipewa bei, na walikuwepo wa kuilipa. Lakini hapahapa, mwaka 2010, wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda jimbo nchini. Huo pia ulikuwa wingi uliohesabiwa. Ulikuja kumsikia anayesema, ukampa kazi ya kuendelea kusema, na tofauti yake na umati wa New York wa 1836 iko katika kile ulichokuja kukifanya. Hesabu ya vichwa peke yake isingeweza kuionyesha.

Ndiyo maana ubishi wa kibandani ni mzuri kuliko orodha za mapato na kuliko alama za wahakiki. Pale mtu akisema picha ni kali, mwenzake humuuliza kali kwa nini, na hapo inabidi atoe sababu: pale mama alipomkana mwanawe, au wimbo ule wa kwenye mvua. Sababu zikishatajwa zinaweza kupimwa. Anayekimbilia hesabu ameyaacha mapenzi yake mwenyewe bila utetezi, maana alichokipenda hakikuwa idadi ya tiketi.

Ipo filamu ambayo safari yake ilikuwa kinyume na ya *Showman*. Inaitwa *White Shadow*, kazi ya mwongozaji Noaz Deshe, iliyopigwa Tanzania na kuzungumzwa kwa Kiswahili. Inamfuata Alias, kijana mwenye ualbino ambaye baba yake anauawa, na mama yake anampeleka mjini kwa mjomba ili apone. Mwaka 2013 ilipata Venice tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji, na Januari 2014 ikashindanishwa Sundance. Umaarufu wake ni wa matamasha: wahakiki wa Ulaya na Marekani wameshatoa ushahidi wao, na wengi wamesifu. Watu ambao lugha yao ndiyo inayosemwa mle ndani wangepaswa kuulizwa nao. Wenye filamu wakiridhia, kibanda cha Dumila kingeweza kuionyesha usiku usio na mechi, kwa kiingilio kilekile, na mtu mwenye ualbino kutoka Kilosa au Mvomero akiwa ameketi benchi la mbele. Picha likiisha, ubishi utaanza kama kawaida, na safari hii wa kwanza kusema awe yeye.